Mashine ya kutetemesha mifupa: nimeichimba wiki tatu, kumbe mafuta ndani ya mfupa ni kweli yapo

#1 MjukuuWaMzizima
Wakuu habari za jioni. Uzi mrefu huu, mvivu wa kusoma apite kwa amani.

Bi mkubwa wangu ana miaka 67. Mwezi wa pili aliteleza bafuni akajikinga na kiganja, mkono ukavunjika pale karibu na saa inapokaa. Daktari akasema mtu hapaswi kuvunjika kirahisi hivo kwa kuteleza tu, akamwandikia kipimo cha DEXA, ile picha ya kupima ujazo wa mifupa, majibu yakarudi mifupa imepungua ujazo hasa ya mgongo. Akaanzishiwa kile kidonge cha mara moja kwa wiki, unameza asubuhi tumbo tupu na maji glasi nzima afu hurusiwi kujilaza nusu saa. Sawa, hapo hakuna ugomvi.

Ugomvi umeletwa na dada yangu. Kaenda kwenye maonyesho fulani kakutana na jamaa wanauza mashine ya kusimama juu yake inakutikisa, milioni moja na laki nane. Muuzaji anamwambia dk 10 za mashine ni sawa na kutembea saa nzima na eti inatoa mafuta yaliyoingia ndani ya mifupa ya wazee. Mi nikacheka sana, mafuta ndani ya mfupa tena? Nikasema hapa dada anapigwa mchana kweupe, ngoja nisome nimuumbue huyo muuzaji.

Nikasoma, na nikakuta nusu ya maneno ya jamaa ina mizizi. Ndo maana nimeleta uzi.

Iko hivi. Kuna profesa anaitwa Clinton Rubin wa chuo cha Stony Brook, New York. Mwaka 2001 aliandika kwenye jarida la Nature habari ya kondoo. Walichukua kondoo majike wazima wakawa wanawasimamisha miguu ya nyuma kwenye sahani inayotetema mara 30 kwa sekunde, dk 20 kwa siku, siku 5 kwa wiki, mwaka mzima. Nguvu ya mtetemo ni 0.3 g, yani chini ya theluthi moja ya mvutano wa dunia, na ukipiga hesabu sahani inapanda na kushuka kiasi cha unene wa unywele au mbili. Baada ya mwaka ule mfupa wa ndani wa paja, wenye vitundu kama sponji, ulikuwa umejaa zaidi kwa 34% ukilinganisha na kondoo waliokaa bila kutetemeshwa.

34%!! bila dawa, bila mazoezi, kondoo kasimama tu anatafuna.

Afu 2007 haohao wakahamia kwa panya. Dk 15 kwa siku, mara 90 kwa sekunde, 0.2 g. Baada ya kama miezi mitatu panya waliotetemeshwa walikuwa na mafuta ya kiwiliwili pungufu kwa 27% na chakula wamekula kilekile. Hapo ndo nikaacha kucheka nikaanza kusoma vizuri.

#2 KondaMstaafu
Kumbe miaka yote 11 niliyoning'inia mlangoni kwa daladala ya Gongo la Mboto nilikuwa najengwa mifupa bure na hamkuniambia 😂😂

#3 Bucha la Kona
Mkuu mjukuu hapo kwenye mafuta ndani ya mfupa ungekuja kuniuliza mimi usingehangaika wiki tatu. Mi nakata nyama mwaka wa 14 huu. Ukipasua paja la ndama kwa msumeno uboho wake ni mwekundu, laini, kama ini lililopondwa. Pasua la ng'ombe mzee aliyelima mpaka kachoka, uboho ni wa njano, umeganda, unauchota na kijiko kama siagi, na wateja wa supu ndo wanaugombania huo. Tena ule mfupa wa kichwani mwa paja, kwa ndama msumeno unakwama kwama, kwa ng'ombe aliyezeeka sana unapita kama unakata mkate mkavu. Sijasoma ila nimeona kwa macho, mafuta yakiingia mfupa unakuwa mwepesi.

#4 MjukuuWaMzizima
Bucha la Kona aisee umemaliza. Hicho ulichoona kwenye ng'ombe ndo hichohicho kwa binadamu. Mtoto anazaliwa uboho wake karibu wote mwekundu, kazi yake kutengeneza damu, afu kadri anavokua unabadilika kuwa wa njano kuanzia vidoleni na mikononi unakuja kuelekea katikati ya mwili. Hiyo ni kawaida sio ugonjwa. Shida ni pale unapozidi kiwango, hasa kwenye pingili za mgongo na nyonga, na kwa wanawake ukishakoma hedhi estrojeni (homoni ya kike) ikashuka ndo unazidi kwa kasi.

Sa kwa nini mafuta yapande mfupa ushuke? Mi nilidhani mafuta yanausukuma mfupa kama maji yanavosukuma ukuta. Hapana. Humo ndani ya uboho kuna seli shina fulani ambazo bado hazijaamua zitakuwa nini. Seli moja inaweza ikawa fundi wa kujenga mfupa, au ikawa seli ya kutunza mafuta. Ikienda huku haiendi kule. Yani chukulia familia ina vijana kumi, wakienda wote kuuza duka nani atajenga nyumba? Na kinachowapa hao vijana mwelekeo kimojawapo ni mshtuko wa mwili wenyewe, uzito, kukanyaga, misuli kuvuta. Mwili ukitulia sana vijana wote wanaenda kwenye mafuta.

Na kuna kitu hapa kilinishangaza. Misuli ukiwa umesimama tu, hujafanya chochote, inatetema chinichini mara 20 mpaka 50 kwa sekunde ili usianguke. Hujisikii lakini ipo. Ukizeeka misuli ikipungua na huo mtetemo unafifia. Wazo la Rubin ni kwamba ile sahani inarudisha kitu ambacho mwili ulikuwa unajipa wenyewe zamani, ndo maana inatosha hata ikiwa ndogo vile.

Kwenye maabara wamechukua seli zenyewe wakazitetemesha kwenye vibakuli, zikapunguza kugeuka mafuta. Na wakakuta kutetemesha mara mbili kwa siku, katikati ukaacha masaa ya kupumzika, kunafanya kazi zaidi kuliko mara moja. Seli inahitaji kupumua kidogo kabla ya kusikia tena. Kama mtoto ukimpigia kelele mfululizo anazoea, ukinyamaza kidogo afu ukaita anageuka.

#5 Dereva wa Tunduma
Mkuu samahani naomba kuuliza kama mtu ambaye sijasoma. Mi naendesha semi Dar Tunduma miaka 19, natetemeshwa siku nzima, mbona mgongo umekufa? Pingili mbili zimesagika nina picha hapa. Kama mtetemo unajenga mimi si ningekuwa chuma.

#6 KondaMstaafu
Dereva umeniwahi, maana na mimi kiuno ndo kimenistaafisha, nilikuwa natania tu pale juu

#7 Fizio mstaafu
Habari zenu wanangu. Nimefanya kazi ya fiziotherapia zaidi ya miaka 30, sasa nipo nyumbani na kuku, ngoja nimjibu dereva maana swali lake ndilo la muhimu kuliko yote humu.

Mwanangu dereva, mtetemo sio kitu kimoja, kama "dawa" isivyokuwa kitu kimoja. Kiti cha lori kinakurusha polepole, mara chache kwa sekunde, na uti wa mgongo wa mtu aliyekaa una mahali pake unapoitikia, mara 4 mpaka 6 kwa sekunde hivi. Hapo gari likitetema kwa mwendo huohuo mgongo unaukuza, kama bembea unayoisukuma kila inaporudi. Ongeza mashimo, ongeza masaa 12, ongeza kwamba umekaa na magoti hayakusaidii kupunguza. Ndiyo inasaga pingili, na madereva wa trekta na mitambo wanajulikana dunia nzima kwa ugonjwa huo. Wale wa kupasua lami na mashine za mikononi wao vidole vinakufa ganzi na kuwa vyeupe. Hiyo ya kondoo ni mtetemo wa haraka, mdogo sana, dakika chache, na mnyama amesimama. Ni vitu viwili tofauti kabisa vimebeba jina moja.

Na hapo ndipo biashara inapojificha. Mashine nyingi za jimu na za maonyesho hazifanani na ile ya maabara hata kidogo. Zile zinarusha mara 1 g, 3 g, nyingine zinapita 10 g. Utasimama juu meno yanagongana. Mwuzaji anakusomea habari ya kondoo halafu anakupa mashine ya lori.

Sasa kwa watu. Mjukuu umeleta kondoo na panya, umefanya vizuri, lakini mama yako sio kondoo. Mwaka 2004 kule Uingereza walijaribu kwa watoto 20 wenye ulemavu, wakiwemo wenye mtindio wa ubongo. Dk 10 kwa siku miezi 6, nusu yao wamesimama kwenye sahani ya kweli, nusu kwenye sahani feki inayovuma tu. Mfupa wa muundi kwa waliotetemeshwa uliongezeka kama 6%, kwa wale wengine ukashuka karibu 12%. Mimi nilifanya kazi na watoto wa namna hiyo, habari ile ilinipa furaha sana, maana mtoto anayetembea kwa shida hana njia nyingi. Ila ni watoto 20 tu.

Kwa kina mama waliokoma hedhi hadithi ni nyingine. Toronto walichukua wanawake 202, dk 20 kila siku mwaka mzima, wakatoa majibu 2011: hakuna tofauti. Boston wakachukua wazee 174, wastani wa umri miaka 82, wakaenda miaka 2, majibu 2015: mfupa haukuongezeka. Hong Kong ndio kubwa kuliko zote, wanawake 710 wa miaka 60 kwenda juu, miezi 18. Ujazo wa mfupa, hakuna cha maana. LAKINI kuanguka kulipungua, waliotetemeshwa walianguka kama 19% na wasiotetemeshwa kama 29%, na misuli ya miguu ikawa na nguvu zaidi.

Mimi kwa uzoefu wangu hiyo ya mwisho naipa uzito kuliko watu wanavyoipa. Mama hakuvunjika mkono kwa sababu mfupa ni mwembamba tu. Alivunjika kwa sababu alianguka.

#8 MjukuuWaMzizima
Shikamoo mama fizio. Nimenyamaza kabisa hapa. Sa naomba nikuulize, kwa nini panya iwe vile na bi mkubwa isiwe? Seli si zilezile?

#9 Fizio mstaafu
Marahaba mwanangu. Sababu ni nyingi na watu wanabishana. Moja, panya wa maabara ni kijana, seli shina zake zimejaa. Mzee wa miaka 82 vijana wa kujenga wamebaki wachache, unampigia kengele asiyekuwepo. Mbili, kondoo hana uamuzi, amefungiwa pale dk 20. Binadamu anasema leo nimechoka, leo nina msiba, leo umeme hakuna. Tatu, mtu akikunja magoti au akisimama kwa kuegemea, mtetemo unaishia kwenye goti, haufiki nyongani. Mguu ukinyooka unapita, ukikunja unakufa njiani. Nimeona mashine hizo watu wamechuchumaa juu yake.

#10 ShoshoFan_254
Niaje wadau, mnisamehe Kiswahili changu ni cha Nairobi. Shosho wangu ako na same problem. Nimesikia kuna mshipi wa kuvaa kiunoni unavibrate, Marekani wameukubali, ni ukweli ama ni stori za jaba?

#11 MjukuuWaMzizima
ShoshoFan ni kweli, unaitwa Osteoboost, FDA, yani mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, waliupitisha Januari 2024. Ila soma vizuri umepitishwa kwa nani: wanawake waliokoma hedhi ambao mifupa imeanza kupungua lakini bado haijafika kwenye osteoporosisi yenyewe (ule ugonjwa wa mifupa kuwa dhaifu na kuvunjika kirahisi), na ni kwa cheti cha daktari. Walijaribu Nebraska kwa wanawake 126. Waliovaa wa kweli angalau mara 3 kwa wiki, nguvu ya pingili zao ilishuka kama 0.5% kwa mwaka, waliovaa wa feki ilishuka karibu 3%. Ona, ILISHUKA wote. Hakuna aliyejengwa, mmoja kapunguziwa kasi ya kubomoka. Sio kitu cha kudharau lakini sio "inarudisha mifupa ya ujana" kama bango linavosema. Kwa shosho ambaye ashavunjika tayari huo mshipi haukulengwa kwake.

#12 Bucha la Kona
Mi bado niko kwenye mafuta. Sa hao wanaoenda angani wanaelea huko mifupa yao inakuwaje, si wanarudi uboho wa ng'ombe mzee?

#13 MjukuuWaMzizima
Bucha umeuliza swali tamu. Mwanaanga anapoteza mfupa wa nyonga 1% mpaka 1.5% kwa MWEZI, mama aliyekoma hedhi anapoteza kama hiyo kwa mwaka. Na kuhusu mafuta kuna daktari wa Ottawa anaitwa Guy Trudel, huyu jamaa ana kazi ya ajabu, alichukua wanawake 24 kule Toulouse Ufaransa wakalazwa kitandani siku 60 kichwa kimeshuka chini kidogo, hakuna kuinuka, kula umelala kuoga umelala. Mafuta kwenye uboho wa pingili yakaongezeka kweli, na mwaka mzima baada ya kuinuka bado hayajarudi vizuri. Hapo nikamfikiria bibi yangu aliyelala na nyonga miezi minne kabla hajatutoka.

Afu akaja kuwapima wanaanga 14 waliokaa kituo cha anga kama miezi 6. Ukitegemea wakirudi mafuta yatakuwa yamejaa. Siku ya 41 baada ya kutua mafuta ya uboho yalikuwa yameshuka 4.2%. Maelezo yao ni kwamba mwili ulikuwa unajenga damu na mfupa kwa kasi ukawa unachoma yale mafuta kama kuni. Kwaiyo yale mafuta sio uchafu tu wakuu. Ni akiba.

#14 mamaTausi
Assalam aleikum. Mie wa Unguja, nasoma tu kimya kimya lakini hapa nimeshindwa. Hebu wanangu wa kike mnaomeza vile vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa madukani bila cheti, vile vya steroidi, mtu anapata mashavu na tumbo ndani ya mwezi. Mwanangu alikuwa anavimeza kwa siri kabla ya harusi yake. Daktari alipojua alikuja juu, akasema dawa hizo zikitumika muda mrefu zinamaliza mfupa na kuujaza mafuta kwa ndani, msichana wa miaka 26 anakuwa na mgongo wa bibi. Je ni hayo hayo mnayoyazungumza au mie nachanganya?

#15 Fizio mstaafu
Huchanganyi dada yangu, ni hayo hayo. Steroidi zinazisukuma zile seli shina kwenda upande wa mafuta, na mafundi wa mfupa zinawaua. Mwenye pumu au lupasi (ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wenyewe) anapewa kwa sababu na daktari anamfuatilia, asiache ghafla kwa kusoma uzi huu, tafadhali. Lakini ya mashavu ya harusi, hapana.

Na kinyume chake mjue: kujinyima kula nako hakupunguzi mafuta ya uboho. Msichana akikonda kwa njaa kali, mafuta ya mwili yanaisha ila ya ndani ya mfupa yanaongezeka. Mwili una vituko.

#16 Dereva wa Tunduma
Kwaiyo mjukuu mashine mmenunua au hamkununua, tusizungushane

#17 MjukuuWaMzizima
Haya nimalizie basi. Jumamosi nimeenda mwenyewe kwa wale jamaa na dada yangu. Nilipakua programu ya bure ya kupima mtikisiko kwenye simu, zipo nyingi, inatumia kile kifaa kinachogeuza skrini. Nikamwomba kijana awashe mashine kwa kile anachoita "levo ya wazee". Nikaiweka simu katikati ya sahani. Ile grafu ilivopanda nikaona 2 na pointi, nikawa naangalia vizuri mara simu ikaanza kutembea yenyewe kuelekea pembeni, ikaruka, ikadondoka sakafuni, kioo kikapata ufa 😭. Levo ya wazee hiyo. Ya kondoo ilikuwa 0.3.

Nikamuuliza kijana inatetema mara ngapi kwa sekunde, akasema "zinatofautiana bosi". Nikamuuliza mtu mwenye mawe ya figo, mwenye betri ya moyo, mjamzito, aliyefungwa vyuma juzi, mnawauliza kabla hawajapanda? Akasema hii ni ya asili haina madhara. Pembeni kuna mama mmoja yuko juu anacheka sauti inakatika-katika kama mbuzi, kitambaa kinamvuka kichwani, mwanae anampiga video.

Dada akanivuta mkono mwenyewe tukatoka.

Nimerudi nyumbani tumeweka mkeka wa kuzuia kuteleza bafuni na bomba la kushikilia ukutani, fundi kachukua elfu 45 na vifaa. Fizio wa hospitali kampa bi mkubwa kazi ya kuinuka kwenye kiti bila kushika mara kumi, asubuhi na jioni, na kupanda ngazi za kwa jirani. Kidonge anaendelea nacho. Siku ya kwanza aliinuka mara nne akasema mnataka kuniua.

#18 Fizio mstaafu
Mara nne ni vizuri sana kwa kuanzia. Wiki ijayo sita. Kiti kiwe kimegemea ukuta, na mtu awe karibu.

#19 Bucha la Kona
Kioo cha simu pole mkuu. Mlete bi mkubwa siku moja hapa kona apate supu, nitamwekea paja la ndama, sio la mzee 😂

#20 MjukuuWaMzizima
Nimemsomea uzi wote jioni hii. Kasikiliza mpaka kwa kondoo akauliza hao kondoo mwishowe waliliwa? Afu akauliza ile milioni na laki nane iliyokuwa ya mashine iko kwa nani sasa hivi, maana paa la jikoni linavuja.

#21 KondaMstaafu
Bi mkubwa anajua anachofanya. Leteni bati geji 28, hizo za 30 zinatetema upepo ukija